Zima friji, funguo weka ndani yake
Mnaorekodi filamu kwenye nyumba za watu: kabla ya kusema "ekshen", zimeni friji. Sikio huuzoea ule mngurumo, maikrofoni haiuzoei. Halafu funguo za gari au pikipiki ziacheni humo humo ndani ya friji, la sivyo mtaondoka bila kuliwasha tena friji. (Nimeshawahi kulipa samaki wa watu, kilo mbili.) Mkimaliza, kila mtu anyamaze, rekodini sekunde 60 za ukimya wa chumba hicho, ndio utakaoziba mapengo kwenye uhariri.

Na ukihakiki filamu ya mwenzio, rudia onyesho moja umefumba macho. Kama mapengo hayakuzibwa, utasikia sauti ya chumba ikiruka kila picha inapobadilika. Siku hizi naanzia hapo, kabla hata ya kumsema mwigizaji.