Jinsi ya kusoma utafiti wa elimu, afya na rangi bila kupigwa changa la macho

Unatumiwa kichwa cha habari "Weusi wa Marekani wanaugua zaidi", ukishuka chini watu washaanza kubishana, huyu anasema ni damu, yaani wamezaliwa nayo, yule anasema hawasomi ndo maana. Kabla hujajibu fungua utafiti wenyewe uangalie wamelinganisha nani na nani.

Ukikuta weusi wote wamewekwa upande huu na wazungu wote upande ule, bado hujajua kitu, tafuta jedwali lililogawa watu kwa elimu. Mfano CDC, taasisi ya serikali ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, walitoa ripoti 2019 kuhusu akina mama wanaofariki kwa sababu za ujauzito, data ni za 2007 mpaka 2016. Nenda moja kwa moja kwenye mstari wa wenye digrii: mama mweusi kiwango chake cha kufariki ni mara 5.2 ya mzungu mwenye digrii kama yeye. Alafu mlinganishe na mzungu ambaye hata sekondari hakumaliza, bado ni mara 1.6. Hapo mi nilirudia kusoma mara tatu, maana tumekuzwa tunaambiwa elimu ni ufunguo wa maisha, na huyu dada ufunguo anao mkononi. Sio kwamba shule haisaidii, inasaidia pande zote, ila haiwalipi sawa.

Sasa hoja ya damu. Chukua karatasi uandike namba tatu za watafiti David na Collins, 1997, ni uzito wa watoto waliozaliwa jimbo la Illinois, Marekani. Mama mzungu mzaliwa wa Marekani, mtoto wastani gramu 3446. Mama mweusi mzaliwa wa Afrika, 3333. Mama mweusi mzaliwa wa Marekani, 3089. Toa mwenyewe: mama zetu waliotoka huku wamepishana na wazungu gramu 113, wale wa kulekule wamepishana 357. Na weusi wa Marekani wengi wana mchanganyiko wa damu ya kizungu, kwaiyo ingekuwa ni damu si wangekaa katikati? Wako chini kabisa.

Ila usikimbilie kushangilia, jiulize nani anahama. Anayefanikiwa kufika Marekani mara nyingi ni mzima wa afya na kasoma, kwaiyo sehemu ya hiyo tofauti inaweza kuwa ni mchujo tu. Ndo maana ukipata utafiti unaofuata vizazi usiuache, hao kina Collins walirudi 2002 wakaangalia mabinti wa wahamiaji weusi waliozaliwa hukohuko, wakakuta uzito wa watoto wa hao mabinti umeshuka kuliko wao wenyewe walivyozaliwa, badala ya kupanda.

Wakikwambia sababu ni ubaguzi, usiishie hapo, uliza wameupimaje. Wengi wanatumia maswali ya mtafiti wa afya David Williams ya 1997, ni vitu vya kila siku: dukani au hotelini unahudumiwa vibaya kuliko wengine? Watu wanakuogopa? Wanakuona huna akili? Na mara ngapi. Yasome yote maana ukishayasoma unaelewa kwanini watafiti wanasema mwili wa anayebaguliwa kila siku unachoka mapema.

Mwisho angalia neno "mweusi" limejazwa na nani, kwenye fomu nyingi za kule Msomali aliyefika juzi na mtu wa Alabama ambaye babu wa babu yake alikuwa mtumwa wanatiki kiboksi kimoja. Kama utafiti haujauliza mtu kazaliwa wapi, hitimisho lake lisome taratibu.