Kuwatazama Ndege Wavumaji Uani Kabla Hawajahama: Mwongozo wa Hatua kwa Hatua

Katika jimbo la Kentucky, ninakoishi, watu wengi huosha chombo cha kulishia ndege wavumaji (hummingbird kwa Kiingereza) mwishoni mwa Agosti na kukirudisha kabatini, kwa sababu yule dume mwenye koo jekundu haonekani tena na wanaamini kwamba msimu umekwisha. Kwa maoni yangu hapo ndipo msimu unapoanza kunoga. Kuanzia katikati ya Agosti hadi Septemba inapokaribia kwisha, ndege hawa huwa wengi kuliko wakati wowote mwingine wa mwaka, kwa kuwa makinda ya mwaka huo yameshatoka viotani, na wasafiri kutoka Michigan, Ontario na sehemu nyingine za kaskazini wanapita wakielekea kusini. Wote wana shughuli moja kubwa, nayo ni kula mpaka wanenepe. Anayetaka kuwatazama vizuri anapaswa kuhakikisha kwamba chakula anachowapa ni safi, kisha ajifunze kutambua kilicho mbele ya macho yake.

Ndege ninayemzungumzia ni mvumaji mwenye koo jekundu, ambaye kwa jina la kisayansi anaitwa Archilochus colubris, na ndiye mvumaji pekee anayezaliana kwa kawaida mashariki mwa Marekani. Jamii yote ya wavumaji inapatikana katika Amerika peke yake. Msomaji aliyekulia Morogoro, Mombasa au Bukavu atamkumbuka chozi, ambaye pia ana mdomo mrefu, hung'aa juani na hunyonya mbochi, lakini hao ni wa familia mbili zisizo na undugu wa karibu. Chozi kwa kawaida hutua kwenye kijiti ndipo anyonye, ilhali mvumaji husimama hewani mbele ya ua, mabawa yakipiga mara 50 hivi kwa sekunde, na anaweza hata kurudi kinyumenyume. Uzito wake wa kawaida ni gramu 3 tu au zaidi kidogo.

Hatua ya 1: Chagua chombo na mahali pa kukitundika

Nunua chombo kinachofunguka chote, ili mkono au brashi ifike kila pembe. Vyombo vyenye umbo la chupa hupendeza machoni, lakini shingo zake nyembamba huficha ukungu. Mimi napendekeza chombo cha umbo la sahani yenye kifuniko chekundu, kwa kuwa maji ya sukari hukaa chini ya matundu na nyuki hawayafikii, ilhali ulimi wa mvumaji, unaotoka mbali nje ya ncha ya mdomo, huyafikia bila shida. Ujazo wa robo lita unatosha kwa kuanzia. Chombo kikubwa kinachokaa wiki nzima bila kumalizika ni hatari kwa ndege.

Kitundike mahali penye kivuli nyakati za mchana, karibu na mti au kichaka ambacho ndege anaweza kutua apumzike na kuchungulia. Kuhusu dirisha, kiweke karibu sana na kioo, chini ya mita moja, ili ndege anayeondoka asiwe na mwendo wa kujiumiza akikigonga, au kiweke mbali kabisa. Paka wa nyumbani wabaki ndani.

Kama una gereji, angalia kile kishikio chekundu kinachoning'inia kwenye kamba ya kufungulia mlango umeme unapokatika. Wavumaji hukidhania kuwa ua, huingia ndani, kisha wakiogopa hupaa juu kwenye dari na kushindwa kuuona mlango ulio wazi chini yao. Kizungushie utepe mweusi.

Hatua ya 2: Tengeneza maji ya sukari

Kipimo ni kikombe 1 cha sukari nyeupe ya kawaida kwa vikombe 4 vya maji. Uwiano huo unakaribia utamu wa mbochi ya maua ambayo ndege hawa huyatembelea. Pasha maji moto, tia sukari, koroga hadi iyeyuke yote, acha yapoe kabisa ndipo ujaze chombo. Yanayobaki yanaweza kukaa kwenye jokofu kwa wiki moja.

Usitumie asali, kwa sababu ikichanganywa na maji huchacha upesi na kuotesha ukungu. Usitumie sukari ya kahawia au sukari guru, ambazo zina madini ya chuma kwa kiasi kisichomfaa kiumbe mdogo namna hii. Rangi nyekundu inayouzwa madukani haina faida yoyote kwa ndege, kwani wekundu wa chombo chenyewe unatosha kumwita.

Hatua ya 3: Osha chombo kabla hakijakuomba kuoshwa

Hii ndiyo hatua ambayo watu wengi huiruka, nami naiona kuwa nzito kuliko zote. Joto la Agosti huku mara nyingi hupita nyuzi 30 za Selsiasi, na katika joto hilo maji ya sukari huanza kuharibika ndani ya siku 2. Yabadilishe kila baada ya siku 2 au 3, hata kama chombo bado kimejaa nusu, na siku za joto kali yabadilishe kila siku. Ukiyaona yana weusi, yana utando, au yamepoteza uangavu wake, ujue umechelewa. Mwaga yote, usiongeze mapya juu ya ya zamani.

Osha kwa maji ya moto na brashi ndogo, ukisugua kila tundu. Ukungu ukionekana, loweka chombo katika siki iliyochanganywa na maji kwa saa moja, sugua, kisha suuza mpaka harufu ya siki iishe. Ikiwa ratiba yako ya kazi haikuruhusu kuosha vyombo vinne, tundika kimoja. Chombo kimoja kilicho safi kinawafaa ndege kuliko vinne vilivyochacha.

Hatua ya 4: Wazuie wageni wasiotakiwa

Sisimizi huzuiwa na kikombe kidogo cha maji kinachotundikwa juu ya chombo, ambacho hawawezi kukivuka. Usipake mafuta kwenye waya, maana yakigusa manyoya ya ndege humharibia uwezo wa kuruka. Nyigu huongezeka sana Septemba, na dawa yao ni chombo kisichovuja, kisicho na maua ya rangi ya njano. Mtazame pia vunjajungu, kwani wale wakubwa hujificha juu ya chombo na huweza kumkamata mvumaji na kumuua. Ukimkuta, mhamishie kichaka cha mbali.

Usipulize dawa ya wadudu bustanini. Mvumaji haishi kwa sukari peke yake, bali huwinda mbu, nzi wadogo na buibui kwa ajili ya protini, na maganda ya ndizi yaliyoachwa kwenye ndoo iliyo wazi huwavuta nzi wa matunda anaowapenda.

Hatua ya 5: Jifunze kutambua nani amekuja

Kaa umbali wa mita 3 au 4, jua likiwa nyuma yako. Asubuhi na mapema, ndege anapofidia njaa ya usiku, na saa moja ya mwisho kabla ya giza, anapojaza tumbo kwa ajili ya usiku unaokuja, ndizo nyakati bora. Darubini ya kawaida inasaidia, ila kwa umbali huo macho matupu nayo yanaona mengi.

Dume mzima ana koo jekundu lisilo na doa, na mkia uliogawanyika kama panda, usio na weupe. Wekundu huo hautokani na rangi iliyo ndani ya unyoya, bali na jinsi unyoya ulivyoundwa kuuakisi mwanga, ndiyo maana akigeuka kidogo koo lake huonekana jeusi kabisa. Usimwandike kuwa ni ndege wa aina nyingine. Madume hawa ndio wanaotangulia kuondoka, wengine tangu mwishoni mwa Julai, na kufikia mwanzo wa Septemba hapa Kentucky huwa wachache mno.

Jike mzima ana koo jeupe na ncha nyeupe pembeni mwa mkia. Ugumu uko kwa dume mchanga, kwa sababu naye ana mkia wenye ncha nyeupe na kwa mbali hufanana na mama yake. Mtazame koo kwa makini. Mara nyingi utaona mistari ya vidoa vya kijivu, na wengine huwa na unyoya mmoja au michache myekundu iliyochomoza mapema. Manyoya ya ndege mchanga ni mapya, yenye kingo za rangi ya hudhurungi hafifu kichwani na mgongoni, ilhali ya mama aliyelea makinda majira yote ya joto huwa yamechakaa. Ukishaweza kumtofautisha jike mzima na mtoto wake wa kiume, huna tena cha kuhofia katika utambuzi wa ndege huyu.

Ikiwa simu yako inaweza kurekodi fremu 240 kwa sekunde, rekodi ndege akiwa kwenye chombo. Utapata picha 4 au 5 kwa kila pigo la bawa, na utaona jinsi bawa linavyogeuzwa juu chini linaporudi nyuma. Ulimi nao utauona ukitoka na kuingia haraka. Kwa muda mrefu wanasayansi waliamini kwamba maji hupanda ulimini yenyewe, kama yanavyopanda katika mrija mwembamba, hadi Alejandro Rico-Guevara na Margaret Rubega walipoonyesha mwaka 2011 kwamba ncha ya ulimi hufunguka ndani ya maji na kuyafumbata unapovutwa nje.

Hatua ya 6: Fuatilia unono, ugomvi na upepo

Kadiri Septemba inavyosonga, utaona ndege wengine wamekuwa wa mviringo. Kifua kimejaa, ubavu umetokeza chini ya bawa, na baada ya kunyonya huenda kukaa kwenye kijiti kwa muda mrefu. Hayo ni mafuta. Ndege mwenye gramu 3 anaweza kukaribia gramu 6 kabla ya kuondoka, na sababu ni kwamba gramu moja ya mafuta hubeba nishati inayozidi mara mbili ile ya gramu moja ya sukari. Baadhi yao huvuka Ghuba ya Meksiko bila kutua, safari ya kilomita 800 hivi, inayochukua takriban saa 20. Wengine hufuata pwani ya Texas hadi Meksiko, na mji wa Rockport hufanya tamasha la kuwapokea kila Septemba. Mwisho wa safari ni kusini mwa Meksiko na Amerika ya Kati, hadi Kosta Rika na Panama. Ndege mchanga huifanya safari hii peke yake, bila mzazi wa kumwonyesha njia, na jambo hilo hunistaajabisha kila mwaka upya.

Ugomvi ni jambo la kutarajiwa. Ndege mmoja hukishika chombo akawafukuza wote, kwa kuwa kwake hicho ni sawa na kichaka cha maua ya kulindwa. Ukiwa na nafasi ya kutunza vyombo viwili, kitundike cha pili upande wa pili wa nyumba, ambako mlinzi wa kwanza hakioni.

Angalia pia hali ya hewa. Upepo wa kaskazini unapoleta ubaridi baada ya siku za joto, wengi huondoka wakisukumwa nao. Kesho yake chombo chako huweza kuwa kimya, kisha siku ya pili kikajaa ndege wapya waliotoka kaskazini zaidi. Kwa hiyo yule unayemwona leo huenda si yule wa wiki iliyopita, ingawa wanafanana kabisa.

Hatua ya 7: Andika unachokiona

Weka daftari karibu na dirisha. Andika tarehe, saa, idadi kubwa ya ndege uliowaona kwa wakati mmoja, na wangapi walikuwa madume wazima, kisha upepo. Usijumlishe ziara, kwani ndege mmoja huweza kurudi mara nyingi kwa saa. Ujue pia kwamba idadi halisi ni kubwa kuliko unayoiona, kama walivyobaini wataalamu wanaowavisha ndege hawa pete miguuni kwa kibali. Usijaribu kumkamata wewe mwenyewe, maana sheria ya ndege wahamaji ya mwaka 1918 inakataza. Kumbukumbu zako zitakuwa na manufaa kwa wengine ukizituma kwenye eBird, mfumo wa Chuo Kikuu cha Cornell ulioanza mwaka 2002.

Hatua ya 8: Usikiondoe chombo mapema

Wengi wanaogopa kwamba chakula kikiendelea kuwepo ndege hatahama. Hofu hiyo haina msingi. Kinachomsukuma kuondoka ni kupungua kwa urefu wa mchana, unaobadilisha homoni zake, na anaondoka huku bustani zikiwa bado na maua tele. Anayekitegemea chombo chako mwanzoni mwa Oktoba ni yule aliyechelewa kuanguliwa au aliyetoka mbali, naye anakuta maua mengi yamekwisha.

Kiache kwa angalau wiki 2 baada ya kumwona wa mwisho. Mimi hukiacha hadi Novemba, kwa kuwa mvumaji anayekuja wakati huo huweza kuwa wa aina nyingine kabisa, Selasphorus rufus, ambaye huzaliana magharibi, hata Alaska. Dume wake ana rangi ya kutu ubavuni na mkiani, na kwa kawaida mgongoni pia, na jike ana rangi hiyo ubavuni na chini ya mkia. Ukimpata, mpige picha ya mkia ukiwa umekunjuliwa, kisha uwaarifu wataalamu wa ndege wa jimbo lako. Usiku wa baridi ya kugandisha ingiza chombo ndani, na ukitoe tena kabla ya mapambazuko.

Wakishakwisha kabisa, loweka chombo katika siki, suuza, kikaushe juani sehemu zake zikiwa zimetenganishwa, na ukihifadhi mahali pakavu. Hapa Kentucky kitahitajika tena mwanzoni mwa Aprili, maana madume wa kwanza huingia kabla ya maua mengi kuchanua.