Namna ya kukagua mteremko kabla ya kupanda mlima wakati wa kifuku

Kwenye nchi za theluji, wapanda milima huchimba shimo kabla ya kupita mtelemkoni, wakitafuta tabaka legevu lililojificha chini. Huku Nyanda za Juu Kusini theluji hatuna, ila tuna udongo wa majivu ya volkano, na kanuni haibadiliki: tabaka zito lililokalia tabaka linaloteleza litashuka. Aprili 2024 tope la Mlima Kawetere lilishukia Itezi, jijini Mbeya, likafukia nyumba na shule. Mimi naongoza wageni kwenye milima ya Rungwe na Loleza, mkoani Mbeya, na hivi ndivyo ninavyokagua.

1. Hesabu mvua iliyokwisha kunyesha

Weka kopo lenye kuta zilizonyooka mahali pa wazi. Kila asubuhi ingiza rula, andika milimita, mwaga. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutahadharisha kuhusu mvua inayozidi milimita 50 kwa saa 24, na tahadhari hiyo ifuate. Ila mimi, milimita 20 kila siku kwa wiki nzima hunitia wasiwasi zaidi, maana maji yamepata muda wa kuzama. Ndiyo sababu mgeni akiniambia "mvua imekata, twende", simwitikii haraka. Ardhini maji bado yanatembea, na mteremko unaweza kuachia jua likiwaka.

2. Pima mwinamo

Chukua fimbo ya mita 2 na pima maji ya fundi uashi. Ncha moja iguse ardhi upande wa juu, fimbo ilale sawa, kisha pima kutoka ncha ya pili hadi chini. Ukipata mita 1 na sentimita 15, hapo ni nyuzi 30, na kuanzia hapo mimi sipiti bila kufanya hatua inayofuata.

3. Tazama tabaka

Wengi huiruka hatua hii, nayo ndiyo yenye majibu. Usihangaike kuchimba shimo jipya kama kuna ukingo wa njia uliokatwa. Kwangua uso wake kwa koleo mpaka udongo mbichi uonekane. Rungwe mara nyingi utakuta udongo mweusi juu, kisha vijiwe vyepesi vya pumisi vyenye vitundu, na pengine mfinyanzi chini yake. Kazia macho mpakani. Maji yakichuruzika kwenye mstari huo mmoja wakati juu pamekauka, hapo ndipo patakapoteleza.

Sasa chukua donge la udongo wa majivu, lisugue kwa nguvu kati ya kidole gumba na cha shahada. Mwanzoni ni gumu. Likilainika ghafla na kutoa maji kama mtindi, geuza msafara. Hapa sibishani na mtu, hata kama amelipa.

Loleza ni habari nyingine: mwamba wa kale na udongo mwembamba juu yake. Huko naogopa zaidi mawe yanayodondoka.

4. Tafuta nyufa

Ufa wenye umbo la mwezi mchanga juu ya njia ni dalili mbaya. Pigilia kigingi kila upande, pima umbali, rudia kesho. Ukiongezeka hata kwa sentimita moja, usipite, na mpe taarifa mwenyekiti wa kijiji, kwa sababu chini kuna watu wanaolala. Miti mikubwa iliyopinda shina karibu na ardhi huonyesha udongo unaotambaa miaka mingi. Migomba iliyoinama haihesabiki. Ile huinamishwa na mkungu.

5. Kuvuka korongo

Mmoja mmoja, wengine wakitazama juu. Usipige kambi mdomoni mwa korongo, hata pawe tambarare kiasi gani: utambarare huo mara nyingi ni tope la zamani. Na kijito kikipungua ghafla huku mvua inaendelea, ujue kimezibwa huko juu na kitaachia. Acha mizigo, panda ukingo wa pembeni, usikimbie kufuata maji. Mkishafika salama ndipo mpige 114, Zimamoto na Uokoaji.