Mgagani uliogoma kuota: namna ya kuupanda nyumbani Dodoma

Mara nyingi mgagani ukigoma kuota, mbegu ni nzima kabisa. Kasoro iko kwenye umri wa mbegu na namna ilivyofukiwa, ndiyo maana hatua ya 2 hapa chini ni ndefu kuliko nyingine.

1. Tuta
Mita 1 kwa 5, mahali penye jua la kutwa. Changanya ndoo 2 za lita 20 za samadi ya mbuzi iliyooza. Mgagani hauvumilii maji yanayotuama, kwa hiyo wakati wa masika inua tuta.

2. Mbegu
Mbegu ya mgagani iliyotoka kuvunwa imelala. Ukivuna Machi na kuipanda Aprili kwenye bustani ya kumwagilia, utaona vichipukizi vichache tu, hata ukimwagilia asubuhi na jioni. Iache angalau miezi 3. Ikifika 6 ni bora zaidi. Iliyovunwa mwisho wa mvua huwa tayari kabisa Desemba, mvua za Dodoma zinapoanza kushika. Mbegu ya sokoni muuzaji hakumbuki aliivuna lini, kwa hiyo ijaribu kwanza: hesabu 100, ziweke kwenye kitambaa kibichi ndani ya kopo lenye kifuniko, kabatini, siku 8. Zikiota 60 na zaidi, panda. Zikiota 20, usizitupe. Rudia jaribio baada ya mwezi.

Kopo lazima lifunikwe, kwa sababu mwanga huizuia mbegu hii kuota. Ndiyo maana kuimwaga juu ya tuta na kuiacha wazi, kama wengine wafanyavyo kwa mchicha, hakufai. Lakini pia ni ndogo mno: ukiifukia kwa kina cha kidole haitoki. Chora mistari 3 yenye kina cha sentimita 1, umbali wa sentimita 30. Changanya nusu kijiko cha chai cha mbegu na vikombe 2 vya mchanga mkavu, nyunyiza, kisha funika kwa samadi iliyochekechwa. Usifunike kwa udongo wa hapo hapo. Udongo wetu mwingi, mvua ikiupiga na jua likiukausha, hufanya gamba gumu, na mche mwembamba kama uzi hujikunja chini yake ukafa. Ukilibandua gamba kwa kijiti utaikuta miche imepauka, shingo zimepinda.

Tandaza nyasi kavu juu. Miche ikichomoza, ziondoe jioni hiyo hiyo. Ukichelewa siku mbili, itarefuka na kuanguka.

3. Kupunguza na kuchuma
Acha sentimita 10 hadi 15 kati ya mche na mche; unayong'oa ni mboga. Kuanzia wiki ya 5 kata ncha ili itoe matawi. Kikonyo cha maua kikijitokeza, kivunje mara moja, maana ukiacha mmea utoe maua, majani hupungua.

4. Wadudu
Wa kuogopwa ni kunguni wadogo weusi wenye madoa meupe na ya chungwa, mara nyingi wawili wamegandana nyuma kwa nyuma. Wanafyonza majani, yanabaki na mabaka meupe kisha yananyauka. Wakusanye alfajiri wakiwa wazito kwa baridi, watupe kwenye maji ya sabuni. Mayai yao yako udongoni, kwa hiyo palilia juu juu kila wiki. Dawa ya dukani sishauri hata kidogo kwenye mboga unayochuma kila baada ya siku chache.

5. Mbegu za mwakani
Acha mimea 5 iliyochelewa kutoa maua, usiichume. Kata maganda yakigeuka manjano. Yakikauka shambani yanapasuka na mbegu kumwagika. Yaanike kivulini juu ya kitambaa, pukuchua, peta, weka kwenye chupa kavu. Ubavuni andika mwezi wa kuvuna.