Kabla Hujaanza Kuogelea Raundi kwa Afya ya Moyo

Ukitaka kuogelea kwa ajili ya moyo na mapafu, tayarisha pumzi kabla ya kununua chochote. Wanaoacha mapema aghalabu hawashindwi na mikono wala miguu. Hubana pumzi kichwa kikiwa majini, wakiinua uso wanataka kutoa na kuvuta kwa mkupuo mmoja, na hata upande wa pili hawajafika tayari wanahema. Pumzi hutolewa ndani ya maji, polepole, ili uso ukigeuka kando kazi iliyobaki iwe kuvuta tu. Jizoeze ukiwa umesimama kwenye kina kifupi, umeshika ukingo, mpaka viputo vitoke bila kujilazimisha. Na Nairobi ina lake: tuko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo hata aliyekuwa akitamba Mombasa atajikuta akitafuta hewa siku za mwanzo.

Mwenye presha, pumu, kifafa au ugonjwa wa moyo amwone daktari kwanza. Asiogelee peke yake.

Kuhusu bwawa, uliza urefu wake. Lile la Kasarani, lililojengwa kwa Michezo ya Afrika ya 1987, ni la mita 50. Anayeanza atafaidi zaidi la mita 25, ukingo usimkimbie. Mabwawa mengine ya hoteli yamepindapinda kama figo, na sijui nani huogelea humo zaidi ya kupiga picha. Simama kando utazame: chujio la chini kwenye kina kirefu lionekane waziwazi. Harufu kali inayowasha macho isikudanganye kuwa maji ni safi. Hiyo ni klorini iliyokwisha kuchanganyika na jasho na mkojo. Hakikisha mwokoaji yupo, tena anatazama maji, si simu. Uliza pia kama maji hupashwa moto, maana baridi ya Juni hadi Agosti hukatisha wengi tamaa.

Miwani ijaribu dukani: ibandike machoni bila kuvuta mkanda. Ikishika kidogo kabla ya kuanguka, inakufaa. Ikianguka papo hapo, maji yataingia. Mwenye rasta au nywele za kusuka atafute kofia kubwa, na aloweshe nywele kwa maji ya bomba kwanza ili zisinywe klorini nyingi.

Shirika la Afya Duniani linashauri watu wazima wafanye mazoezi ya wastani dakika 150 kwa wiki au zaidi. Usizikimbilie zote mara moja. Ogelea mita 25, pumzika ukingoni mpaka uweze kutamka sentensi nzima bila kukatika, kisha rudi. Dakika 20 za hivyo, mara tatu kwa wiki, zinatosha kuanzia. Ukipima mapigo ya moyo, hesabu kwa sekunde 10 uzidishe kwa 6, wala usishangae yakiwa chini kuliko ya kukimbia. Majini mwili umelala na damu hurudi moyoni kwa urahisi zaidi.

Saa nazo zipange mapema. Wikendi na likizo za shule bwawa huwa la watoto na mipira yao. Muulize msimamizi ni saa ngapi kamba za kugawa njia hufungwa, ndipo ulipie mwezi.