Somo: Mambo ya kuyajua kabla ya kuchoma sindano ya kwanza ya testosteroni

Wanaume wengi huianza habari hii mkiani. Mtu anauliza sindano ipi ni kali, jeli au vidonge, miligramu ngapi kwa wiki, ilhali hajajua kama homoni yake imepungua kweli. Hapa tunaanzia kichwani, na hatua za mwanzo ni ndefu kwa sababu ndizo zinazorukwa.

Kwanza uelewe mtambo wenyewe. Chini ya ubongo kuna tezi ya pituitari, ukubwa wake kama punje ya njegere. Hiyo ndiyo hutoa homoni mbili: LH, inayoziamuru korodani zitengeneze testosteroni, na FSH, inayoshughulika na mbegu za kiume. Testosteroni ikitosha kwenye damu, ubongo hupunguza amri. Sasa ukiingiza testosteroni ya dukani, ubongo haujui kwamba imetoka kwenye kichupa. Unaona imejaa, unafunga bomba. LH na FSH hushuka karibu na sifuri, na korodani hulala. Ukilishika hili, maonyo mengi yaliyo hapa chini hutahitaji kuyakariri.

Hatua ya 1: Pima dalili zako kwa haki

Dalili zenye uzito ni hizi: hamu ya tendo la ndoa kushuka kabisa, uume kuacha kusimama wenyewe alfajiri, korodani kusinyaa, ndevu na nywele za mwili kupungua, matiti kuvimba, joto la ghafla na jasho, mfupa kuvunjika kwa kishindo kidogo, na kukosa mtoto. Uchovu, kitambi, hasira na kusahausahau vinaweza kuwemo, lakini vinaletwa pia na usingizi mbovu, upungufu wa damu, sonona, tezi ya shingo na pombe.

Uume kutosimama barabara wakati hamu ipo, mara nyingi ni habari ya mishipa ya damu: kisukari, presha, sigara, lehemu. Mishipa ya huko ni myembamba, kwa hiyo huziba mapema kuliko ya moyo. Mwenye tatizo hilo akapimwe sukari, presha na lehemu kabla ya kufikiria homoni.

Hatua ya 2: Pima damu, tena mara mbili

Hapa ndipo makosa mengi hufanyika. Testosteroni hupanda alfajiri na kushuka kadiri siku inavyosonga, hasa kwa vijana. Damu itolewe kati ya saa 1 na saa 4 asubuhi, kabla ya kula, kwa sababu chakula, hasa chenye sukari, huishusha kwa muda. Usipime ukiwa na homa au umetoka kulazwa. Ugonjwa wowote mkali huishusha. Kama unameza biotini kwa ajili ya nywele au kucha, mwambie mtu wa maabara na uiache siku kadhaa kabla, maana huvuruga baadhi ya mashine. Kipimo cha kwanza kikiwa chini, rudia siku nyingine kwa masharti yaleyale. Kipimo kimoja hakitoshi kumwanzishia mtu dawa ya miaka.

Kusoma majibu: maabara nyingine hutumia nanogramu kwa desilita, nyingine nanomoli kwa lita. Zidisha nanomoli kwa 28.8 upate nanogramu. Chama cha madaktari wa mkojo cha Marekani kinatumia mpaka wa 300 ng/dL, sawa na takriban 10.4 nmol/L. Miongozo ya Ulaya husema chini ya 8 nmol/L ni upungufu wa wazi, zaidi ya 12 kwa kawaida si upungufu, na katikati ni eneo la utata.

Ukiangukia kwenye utata, omba kipimo cha SHBG. Hii ni protini inayoibeba testosteroni kwenye damu, na iliyobebwa nayo haifanyi kazi. Unene na kisukari huishusha SHBG, hivyo jumla inaonekana ndogo wakati ile iliyo huru inatosha. Umri, ugonjwa wa ini na tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi huipandisha, na hapo mambo hugeuka: jumla inapendeza, iliyo huru imepungua.

Hatua ya 3: Tafuta chanzo

Pima LH, FSH na prolaktini, homoni nyingine ya pituitari, ile ya maziwa ya mama. LH ikiwa juu na testosteroni chini, korodani zenyewe ndizo zimeshindwa: huenda ni matumbwitumbwi yaliyoshukia huko, korodani iliyojisokota zamani, dawa za saratani, au hali ya kuzaliwa kama Klinefelter. LH ikiwa chini au ya kawaida, amri ndiyo haitoki, na hapo orodha ni pana: unene, kukata pumzi usingizini, dawa kali za maumivu za jamii ya mofini, prednisoloni ya muda mrefu, madini ya chuma kuzidi mwilini, steroidi za kujengea misuli, au uvimbe wa pituitari. Prolaktini ikiwa juu sana, au testosteroni iko chini ya 150 ng/dL na LH haijapanda, picha ya MRI ya pituitari inahitajika. Uvimbe wa prolaktini mara nyingi hutibiwa kwa vidonge, na homoni hurudi yenyewe. Ukimpa mtu huyo sindano za testosteroni umefunika moshi, moto umeuacha.

Kwa mwenye uzito mkubwa, kupunguza kilo kwa kiasi cha maana huipandisha testosteroni yake mwenyewe bila kuzima chochote.

Hatua ya 4: Suala la watoto

Tunaliweka peke yake kwa sababu ndilo linalojutiwa zaidi. Watu hudhani homoni ya kiume huongeza uzazi. Ni kinyume. Ili mbegu zitengenezwe, ndani ya korodani panahitajika testosteroni nyingi mno kuliko iliyo kwenye damu, pamoja na FSH. Dawa ya nje huiinua ile ya kwenye damu huku ikiikausha ile ya ndani ya korodani. Baada ya miezi michache wanaume wengi hubaki na mbegu chache sana au hawana kabisa. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani liliwahi kuzifanyia utafiti sindano za testosteroni enanthate, 200 mg kila wiki, kama njia ya uzazi wa mpango wa wanaume.

Ukiacha, mbegu kwa kawaida hurudi, lakini hesabu miezi 6 hadi 12, na kwa wengine hadi 24. Kwa hiyo anayetaka mtoto ndani ya mwaka mmoja asianze. Kama tatizo lake liko kwenye amri ya pituitari, zipo dawa nyingine: sindano za hCG, ambazo hufanya kazi kama LH, wakati mwingine pamoja na FSH, au klomifeni kwa uamuzi wa daktari. Asiye na haraka lakini hajafunga mlango, apime mbegu na kuzigandisha kabla.

Wala usiitegemee testosteroni kama kinga ya mimba. Wapo wanaobaki na mbegu za kutosha.

Hatua ya 5: Nani asianze, au asubiri

Mwenye saratani ya tezi dume au ya titi. Mwenye PSA, yaani kipimo cha damu cha tezi dume, zaidi ya 4 ng/mL, au zaidi ya 3 kama baba au ndugu wa damu aliugua saratani ya tezi dume, mpaka achunguzwe. Mwenye hematokriti, yaani asilimia ya damu ambayo ni chembe nyekundu, zaidi ya 48. Mwenye shida kali ya kukojoa, kukata pumzi usingizini kusikotibiwa, moyo uliofeli usiodhibitiwa, au aliyepata shambulio la moyo au kiharusi ndani ya miezi 6. Mwenye tabia ya damu kuganda kwenye mishipa pia hashauriwi.

Kuhusu moyo, utafiti wa TRAVERSE uliotolewa mwaka 2023 ulifuatilia wanaume zaidi ya 5,000 wa miaka 45 hadi 80 wenye ugonjwa wa moyo au hatari yake. Waliotumia jeli ya testosteroni hawakupata mashambulio ya moyo na viharusi kuwazidi waliopewa jeli tupu. Lakini mapigo ya moyo kwenda mrama, damu kuganda mapafuni na figo kuumia ghafla vilionekana zaidi kwao. Hilo la pili watu hupenda kuliacha wanaponukuu la kwanza.

Hatua ya 6: Aina ya dawa na kipimo

Enanthate na cypionate: sindano ya msuli, 75 hadi 100 mg kila wiki, au 150 hadi 200 mg kila wiki mbili. Ya wiki mbili humpandisha mtu siku za mwanzo na kumwangusha za mwisho. Ya kila wiki ni tulivu. Soma kichupa kabla ya kuvuta. Kikiandikwa 250 mg/mL, dozi ya 100 mg ni mililita 0.4, kikiandikwa 200 mg/mL, ni mililita 0.5. Kuchanganya miligramu na mililita ndilo kosa la kawaida la wanaojichoma nyumbani. Sehemu salama ni robo ya juu ya nje ya tako, au pembeni mwa nyonga.

Undekanoeti ya sindano: 1,000 mg katika mililita 4 za mafuta, ya pili baada ya wiki 6, kisha kila wiki 10 hadi 14. Huchomwa kliniki, polepole, kwa dakika mbili hivi, na mgonjwa hukaa nusu saa akiangaliwa, kwa kuwa tone la mafuta likifika mapafuni huleta kikohozi cha ghafla na kubanwa pumzi.

Jeli ya asilimia 1: kwa kawaida 50 mg kila asubuhi, hupakwa mabegani na mikononi juu, kamwe si kwenye korodani. Vipo pia viraka, ambavyo huwasha ngozi, na vidonge vya undekanoeti, ambavyo huweza kupandisha presha. Vidonge vya methiltestosteroni viepuke, huumiza ini.

Hatua ya 7: Ufuatiliaji

Pima testosteroni, hematokriti na PSA baada ya miezi 3 hadi 6, kisha angalau kila mwaka. Kwa enanthate na cypionate, damu itolewe katikati ya sindano mbili. Lengo ni 350 hadi 600 ng/dL. Kwa undekanoeti ya sindano, kabla tu ya dozi inayofuata. Kwa jeli, saa 2 hadi 8 baada ya kupaka, na sehemu ya kutolea damu isiwe imepakwa, la sivyo majibu yatakuwa ya ajabu. PSA ikipanda kwa zaidi ya 1.4 ndani ya mwaka wa kwanza, nenda kwa daktari wa mkojo.

Hamu ya tendo la ndoa huanza kurudi ndani ya wiki 3 hadi 6. Misuli huchukua miezi mitatu au minne, mifupa zaidi ya nusu mwaka. Nguvu za mwili na uchangamfu hubadilika kidogo tu, hata kwa wenye upungufu wa kweli. Kama hamu haijabadilika hata kidogo baada ya miezi 6 na kiwango cha damu ni kizuri, dawa hiyo haikuwa jibu lako.

Maswali ya wanachama

*Wakuu, nina miaka 34, nimepima saa 10 jioni nikapata 11 nmol/L. Nachoka sana. Nianze?*

Hapana, mkuu. Kwa saa hiyo kipimo hakikuambii kitu. Rudia asubuhi bila kula, pamoja na SHBG, wingi wa damu, sukari na tezi ya shingo. Kama unafanya kazi za usiku, pima ndani ya saa tatu tangu kuamka.

*Natumia jeli na nina binti wa miaka miwili anayependa kubebwa. Kuna shida?*

Ipo, na si ndogo. Mtoto anayegusa ngozi yenye jeli anaweza kuota nywele za siri na mifupa yake kukomaa kabla ya wakati. Paka, nawa mikono kwa sabuni, acha ikauke, vaa shati linalofunika, na oga kabla ya kumbeba kifua wazi. Mke mjamzito naye asiguse. Kama nyumba haitaruhusu uangalifu huo, hamia sindano.

*Shikamoo walimu. Hematokriti yangu imefika 55. Niendelee nikachangie damu?*

Marahaba. Simamisha kwanza na uonane na daktari. Mpaka wa kusimama ni 54. Kuchangia damu huishusha kwa muda tu. Itafutwe sababu: dozi kubwa, sigara, kukoroma na kukata pumzi. Ikishuka unarudi kwa dozi ndogo au jeli, ambayo haisukumi damu sana kama sindano.

*Je, inaleta saratani ya tezi dume?*

TRAVERSE haikuonyesha ongezeko, ila wenye PSA kubwa walichujwa mwanzoni. Ndiyo maana hatua ya 5 haina njia ya mkato.

*Nikitumia mwaka mmoja nikaacha ghafla, nitapata nini?*

Majuma au miezi ya kuwa chini kuliko ulipoanzia, kwa sababu pituitari huchelewa kuamka. Waliotumia dozi za gym hungoja zaidi. Acha ukiwa chini ya daktari, na upime LH na testosteroni baada ya miezi 3.

*Nina mzio wa karanga. Kuna sindano ya kuepuka?*

Ndiyo. Sustanon, ile ya mchanganyiko wa aina nne, imetengenezwa kwa mafuta ya karanga. Cypionate kwa kawaida hutumia mafuta ya mbegu za pamba, enanthate ya ufuta, na undekanoeti ya nyonyo. Soma karatasi ya ndani ya boksi hata kama umeshaitumia kabla, maana kiwanda kingine hutumia mafuta mengine.