SSD ya USB ikigandisha Raspberry Pi 4, zima UAS

Kwa wenzangu wa Kampala mliohama kadi ya microSD kwa sababu umeme ukikatika kila mara kadi zinakufa: Pi 4 (kompyuta ndogo ya Raspberry Pi) ikiganda kila ukinakili faili kubwa kwenye SSD, msikimbilie kulaumu diski. Mara nyingi mkorofi ni chipu iliyo ndani ya kebo ya SATA kwenda USB. Inadai inaelewa UAS, njia ya kupokea amri nyingi kwa mpigo, kisha inazidiwa. Kwenye dirisha la amri (terminal) andika lsusb uone namba ya kebo, mfano 152d:0578. Fungua /boot/firmware/cmdline.txt (matoleo ya zamani ni /boot/cmdline.txt), na mwanzoni kabisa weka hii, ukitumia namba ya kebo yako:

usb-storage.quirks=152d:0578:u

Acha nafasi moja, kisha yafuate maneno yaliyokuwapo, yote kwenye mstari mmoja. Ukibonyeza Enter katikati, Pi huenda isiwake. Hifadhi, washa upya. Hiyo u ndiyo inayoiambia kernel (kiini cha Linux) iachane na UAS. Kasi itapungua, lakini kadi bado haifui dafu, mradi umechomeka kwenye tundu la bluu.

Haisaidii kama shida ni umeme mdogo. Matundu yote manne ya USB yanagawana ampea 1.2 tu, na chaja ya simu ya bei ya chee huenda isitoshe. Andika vcgencmd get_throttled. Ukiona 0x50000 (umeme ulishapungua) au 0x50005 (umepungua hata sasa), tafuta chaja nyingine kwanza.